Miaka Minne ya Suruali Pana, Bredäng

Hapana Sifa, nakataa. Mtu wa miaka ishirini na mbili anaweza kustaafu. Nimefanya kazi sehemu moja miaka minne, nimekatiwa keki ya kuagwa, nimerudisha ufunguo, na mgongo unaniuma nikiinama kuokota pini. Kama huko si kustaafu, ni nini? Unasema nimeacha kazi tu kwa sababu Jumapili nahamia Borås kusomea ushonaji. Sawa, ita unavyotaka. Lakini wiki hii wewe ndiye unayekaa kwenye kiti changu, na kile kiti kina mambo yake, kwa hiyo soma.

Sikuandikii saa za kufungua na kufunga. Hizo mwenye duka wetu, Nalongo, atakwambia mara mia. Nakuandikia niliyojifunza kwa kuharibu. Na kuna kitu kimoja nilichoharibu ambacho Nalongo hakijui mpaka leo, na kwa sababu hiyo hasemi na Didi, rafiki yake wa miaka thelathini. Nitafika huko. Tuanze mwanzo, maana nikianzia mwisho utaniona mbaya kabla hujanijua.

Nilianza wiki mbili baada ya kumaliza gymnasiet, sekondari ya huku. Mama alichoka kuniona nimelala kwenye kochi hapa Rissne, akampigia Nalongo, wanajuana kanisani. Nalongo akasema, “Mulete. Kama anajua kushika sindano, vizuri. Kama hajui, anajua kufagia?” Unajua yeye ni Mganda, na Nalongo si jina lake, ndivyo wanavyomwita mama wa mapacha kwao. Mapacha wenyewe ni wahandisi sasa, wanavaa suruali nyembamba kama penseli, na yeye anasema hiyo ndiyo adhabu yake duniani.

Mimi nilidhani naenda kwenye duka la kubadilisha zipu. Zipu zipo, utazichukia mwenyewe. Lakini ukipita pazia la nyuma unakuta ile stoo: traksuti zinazong'aa, kofia za duara kama ndoo zilizopinduliwa, majaketi ya jinzi yenye majina yaliyochorwa mgongoni kwa rangi ya kupuliza, mikanda yenye jina la mtu kwenye bizimu, ovaroli za kufungwa bega moja, raba zenye kamba pana kama utepe wa zawadi. Hip-hop ya zamani yote imening'inia pale. Wapiga video wanakuja kuazima, wacheza dansi, shule zenye maigizo, na wababu wenye vitambi wanaotaka kujaribu tu, wajione kwenye kioo, waondoke wakicheka. Wengine hawacheki. Wape muda kwenye kioo, usiwaharakishe.

Siku ya kwanza kabisa nilipewa kofia kumi nizifute vumbi. Kwenye ukingo wa kila kofia kulikuwa na stika ya duara, ile ya saizi. Nikaona uchafu. Nikazibandua zote, nikasugua gundi na spiriti, nikazipanga vizuri, nikasubiri kusifiwa.

“Banange!” Nalongo akashika kichwa. “Stika ziko wapi?”

“Nimezitoa, mama. Zilikuwa zimesahaulika.”

“Zimesahaulika! Miaka thelathini zimesahaulika! Wewe mutoto, hiyo stika ndiyo kofia. Kofia yenyewe ni ya kushikia stika.”

Akakaa chini akanieleza. Vijana wale wa mwanzo wa hip-hop hawakuwa na kitu. Kwa hiyo kitu kipya kilitakiwa kionekane kipya, na kibaki kipya. Stika ilikuwa inasema: hii sikuokota, sikurithi kwa kaka, hii niliingia dukani nikainunua. Raba walikuwa wanazisugua kwa mswaki kila jioni, hatua wanapiga kwa uangalifu kama paka kwenye maji. Nilimuuliza mbona watu hao hao walikuwa wanaimba kwamba hawana kitu. Akasema, “Ndiyo. Na unataka mtu akuimbie shida na nguo za shida pia? Nani atamusikiliza?” Tangu siku hiyo nimeielewa rap kuliko nilivyoielewa kwa kuisikiliza simuni. Mtu alikuwa anavaa kwanza, ndiyo anashika maiki. Ukimwona anapanda jukwaani ulishajua ametoka mtaa gani na anajiona nani, kabla hajafungua mdomo.

Stika tano niliziokoa kwenye pipa la taka. Zile nyingine tano zilipotea, ndiyo maana kofia tano za rafu ya chini hazina stika. Usiniulize.

Sasa upana. Wateja watakuuliza sana kwa nini suruali ni pana hivyo, na ukijibu “ni fasheni tu” Nalongo atakusikia hata akiwa chooni. Mwambie mteja acheze. Mwambie achuchumae, azunguke na goti chini. Wale wacheza breki walikuwa wanazunguka kwa mgongo na kichwa juu ya kipande cha boksi. Jaribu na hizo zako za kubana uone kama utatoka na mshono mzima. Na rapa naye haimbi amesimama kama nguzo, anatembea, anainama, anakata hewa kwa mkono. Kitambaa kikiwa kingi kinafuata mdundo nyuma yake kidogo, kinachelewa nusu sekunde. Nalongo anasema hiyo nusu sekunde ndiyo anayoishona yeye.

Na hapa Stockholm kulikuwa na faida nyingine ambayo hutaiona kwenye video yoyote ya zamani: ndani ya suruali pana unaingiza suruali mbili za baridi na hakuna anayejua. Shida yake ni pindo. Linaburuta kwenye theluji iliyoyeyuka, linanyonya maji mpaka magotini, halafu chumvi ya barabarani inaacha mstari mweupe. Ndiyo maana ukigeuza pindo la suruali yoyote aliyoshona Nalongo utakuta utepe wa nailoni ndani. Ni wazo lake mwenyewe. Ukiona suruali pana yenye utepe huo, hata ukiikuta loppis, kwenye soko la mitumba, imetupwa kwenye lundo, imepita kwenye mikono yake. Inunue, ilete.

Kanuni kubwa ni hii, na mimi niliisikia wiki ya kwanza, na ya pili, na kila wiki: hatukati. Tunakunja ndani, tunashona kwa mkono. Inachosha, najua. Mguu mmoja nusu siku. Wewe unaona cherehani tatu zimekaa bure na mwenye duka anakwambia chukua sindano.

Ilianza hivi. Nalongo alipofika Sweden alikuwa anashonea kwenye meza ya jikoni. Vijana watatu wa Hallunda wakamletea suruali moja ya kazi ya fundi wa ujenzi, kubwa, waliipata loppis. Madukani hapa suruali pana za hip-hop zilikuwa hazipo bado, au zipo kwa wenye nazo. Wakamwambia, mama, tupunguzie kiuno, miguu iache. Kiuno cha mtoto, miguu ya baba. Akauliza, kiuno cha nani kati yenu? Wakatazamana. Walikuwa na suruali moja tu, na kundi la watu watatu. Aliyekuwa na ubeti mrefu siku hiyo ndiye aliyekuwa anavaa.

Ndiyo maana hakukata. Alikunja kiuno kwa nyuzi ambazo unaweza kuzifumua asubuhi na kuzirudishia mchana, mara kiuno cha huyu, mara cha yule. Kitambaa chote kikabaki mle mle ndani. Mmoja wa wale watatu alikuwa Didi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, katoka Kongo, Kiswidi alikuwa anajua maneno ya kwenye basi tu. Akipanda jukwaani na ile suruali, Nalongo anasema, ukumbi mzima ulikuwa unanyamaza kabla muziki haujaanza. Kundi lilipovunjika, suruali ikabaki kwake. Sasa ni dereva wa basi na ana wajukuu wawili. Kila Ijumaa alikuwa anapita dukani kunywa kahawa na kumchokoza Nalongo.

“Nalongo, bado unawauzia wazungu nguo zangu?”

“Nguo zako! Wewe ulikuwa na mguu mumoja wa suruali.”

“Mguu mumoja lakini ubeti tatu, voilà!”

Hivyo hivyo, miaka yote minne. Mimi nilikuwa nasikiliza huku nabadilisha zipu.

Kesi ngumu ni nyingi, nitakupa mbili za kuchangamsha. Alikuja rapa wa siku hizi, nyota kabisa, na wapambe wanne, anataka “muonekano halisi wa zamani” kwa video. Nikamvalisha vyote sawasawa. Baada ya dakika kumi akaanza: suruali nzito, inashuka, inamfanya mfupi. Nikamwambia, kaka, usiibane na mkono, tembea. Hajui kutembea nayo! Alikuwa anapiga hatua za suruali ya kubana ndani ya suruali pana, kama mtu amevaa shuka. Nalongo akatoka nyuma, ana miaka sitini na kitu, akavaa ovaroli juu ya gauni lake na kumwonyesha. Wapambe wote wanne walirekodi. Ile video ya Nalongo iliangaliwa kuliko ya nyota, na nyota hakurudi.

Ya pili, mwalimu wa maigizo alitaka kila mwanafunzi awe na cheni, kofia, miwani, traksuti na redio kubwa begani, vyote kwa pamoja. Nikamweleza kwamba hakuna mtu alivaa vyote kwa pamoja, mtu alikuwa na kimoja cha maana na anakilinda. Akasema watazamaji hawataelewa. Basi tukampa. Wakafanana na mti wa Krismasi, watoto thelathini. Kuna wateja unawaacha tu.

Sasa Didi.

Mwezi uliopita kituo cha vijana kule Hallunda kilitangaza Jumamosi ya wakongwe: makundi ya zamani yaimbe tena mchana, watoto wao waone. Didi akaitwa. Akaja na ile suruali kwenye mfuko wa plastiki, anaona aibu kidogo, anacheka. Kiuno kilikuwa hakifungi, hata kidogo. Nalongo akageuza ndani, akamwonyesha kitambaa kilichokunjwa tangu siku ile ya jikoni. “Unaona? Nilikuachia vidole vinne. Nilijua utakula.” Didi alikishika kile kitambaa cha ndani, bado cheusi kabisa, nje kote kumeshapauka. Hakuchokoza siku hiyo.

Nalongo alikuwa anaondoka kwenda Göteborg kwa mapacha siku tatu. Akanibandikia karatasi: fungua kiuno, vidole vinne, angalia pindo. Basi. Jumamosi angekuja moja kwa moja ukumbini.

Kiuno nilifungua vizuri. Ile kazi ukiiona hutapata kosa. Halafu nikaitundika, nikarudi nyuma kidogo kuiangalia. Na hapa Sifa nisikilize, maana ndipo utakapoharibu na wewe. Nilifikiri: mtu mzima, babu, dereva wa basi, atasimama mbele ya watoto wa siku hizi na haya mapazia miguuni? Watamcheka. Watamrekodi. Nilimwonea huruma. Kweli kabisa, ilikuwa huruma. Nikasema nitampunguzia miguu kidogo, abaki na upana wa heshima, hata hatagundua, atashangaa tu anavyopendeza. Kukunja kwa mkono kungenila siku nzima. Nikakaa kwenye ovaloki.

Ovaloki ina kisu. Unajua, inashona huku inakata. Dakika sita, miguu yote miwili, na pindo nalo. Vipande vilianguka chini pamoja na utepe wa nailoni, nikafagia, nikatupa, na taka za Alhamisi zikachukuliwa.

Didi alikuja Ijumaa baada ya zamu, na sare yake ya basi. Akaingia chumba cha kujaribia. Akakaa sana. Nikauliza, “Kiuno vipi, mjomba?”

“Kiuno iko muzuri.”

Akatoka ameshaivua, ameikunja mkononi. Akaitandika mezani, akapitisha kiganja kwenye mshono wa nje, toka juu mpaka chini. Alipofika kwenye pindo akageuza, akatafuta utepe.

“Hii kitambaa ingine iko wapi?”

Nikamwambia. Nilimwambia haraka haraka kama mtu anayesoma tangazo, kwamba ni ya kisasa zaidi, kwamba inamfaa. Akaniangalia. Sikuona hasira, ndiyo ikawa mbaya. Aliniangalia kama abiria aliyeshuka kituo cha mbali na anakoenda na basi limeshaondoka.

“Bon,” akasema. “Nalongo anajua?”

“Hapana.”

“Basi usimuambie. Wewe atakufukuza. Mimi atanisamehe, tumezoeana.”

Akachukua mfuko, akaniambia asante. Asante!

Kesho yake mchana ukumbi ulijaa. Nalongo alifika na begi lake la safari, kakaa mbele kabisa, ananiuliza, “Kiuno kilitoka?” Nikasema kilitoka. Likaitwa kundi la Didi, na Didi akapanda na suruali ya sare ya basi. Ile ya bluu, yenye mstari wa pasi katikati. Aliimba vizuri, ubeti wote anaukumbuka, lakini mkono ulikuwa unakata hewa na chini hakuna kinachofuata. Watoto walishangilia sana. Wawili watatu walitaka kujua zile suruali za bluu zinauzwa wapi. Nalongo hakupiga makofi.

Alimfuata nyuma ya jukwaa na mimi nikamfuata yeye.

“Suruali iko wapi?”

“Aa, Nalongo, nimenenepa. Haiingii.”

“Nilikuachia vidole vinne.”

“Haikutosha.”

“Didi. Mimi nimekupima. Vidole vinne vilitosha na vikabaki. Sema umeona aibu. Sema umekuwa mukubwa, hutaki kuonekana na suruali ya loppis ya jikoni kwa Nalongo.”

Didi alinitazama mimi, nusu sekunde. Nikaangalia sakafu.

“Sema unavyotaka,” akamwambia.

Nalongo akachukua begi lake. Tangu siku hiyo wiki tatu zimepita, Didi haji Ijumaa. Alipiga simu mara mbili, Nalongo aliiacha iite mpaka ikanyamaza, akaendelea kushona. Kikombe cha Didi kimehamia rafu ya juu, kule kwa mafuta ya mashine. Mimi nilikuwa nasema moyoni, watapatana, wazee hawa wanagombana kila siku. Lakini hawakuwa wanagombana kila siku, walikuwa wanataniana. Nimeishi miaka minne pale, tofauti naijua.

Halafu jana. Keki ya kijani, ile yenye waridi juu, mama yangu yupo, wewe upo, Nalongo kavaa gomesi, lile gauni lao la sherehe. Ulimsikia mwenyewe: “Neema ana haraka, ana mudomo, lakini miaka mine hajaniharibia nguo hata moja ambayo hakuniambia.” Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa na keki mdomoni, nikashukuru Mungu kwa hiyo keki, maana kila mtu alidhani ndiyo inayonizuia kusema.

Nilidhani nikikuandikia haya itatosha. Wewe utajua, utakuwa mwangalifu na ovaloki, na mimi nitakuwa Borås. Nimeandika tangu asubuhi, na nimefika hapa nimeona haitoshi hata kidogo. Nalongo anadhani rafiki yake amemwonea aibu, na rafiki yake anabeba kosa langu kama begi la abiria. Mtu pekee anayeweza kulishusha ni mimi, na nina siku nne.

Nimempigia Didi sasa hivi. Nikamwambia naomba suruali.

“Ya nini? Acha, mutoto yangu. Imeisha hiyo.”

“Haijaisha, mjomba. Nataka nimwonyeshe.”

“Atalia.”

“Najua.”

“Atakutukana Kiganda. Hauelewi Kiganda.”

“Nitaelewa.”

Nasikia nyuma mjukuu wake anamuuliza kitu kwa Kiswidi, naye anamjibu ngoja. Halafu akasema anaanza zamu saa mbili asubuhi, nikitaka nifike kabla.

Kwa hiyo kesho naamka saa kumi na moja. Nashuka na treni ya laini ya bluu, nabadilisha mjini, nakwenda na nyekundu mpaka Hallunda kuchukua ule mfuko mlangoni kwa Didi. Halafu narudi nao dukani Bredäng, na saa tatu kasorobo Nalongo akija kufungua atanikuta nimesimama mlangoni na suruali mkononi, upande wa ndani nje, mishono yangu ionekane. Wewe kesho chelewa kidogo, Sifa. Njoo saa nne.